Chuo Kikipata Mwenyewe Mpya: Matumaini ya Mwanzilishi Humfuata Nani?

Wilaya ya Busia, iliyomegwa kutoka wilaya ya Tororo mwaka 1997, hujulikana na wengi wetu kwa jambo moja tu: mpaka. Askari aliyepata kutumikia huko hukumbuka malori yaliyopanga msururu, magendo ya usiku, na zile baiskeli za kuvusha abiria kati ya Uganda na Kenya ambazo ndizo zilizozaa neno "bodaboda". Lakini mtu akiupa mpaka kisogo na kuingia mashambani, katika magombolola kama Bulumbi, hukuta habari nyingine isiyotangazwa sana. Ni habari ya elimu ya kazi: nani aliianzisha, nani aliirithi, na ni kitu gani kilichopungua au kuongezeka ilipobadili mikono.

Tunataka kuizungumza habari hiyo kwa kirefu kwa sababu inawahusu askari na polisi kuliko wengi wao wanavyodhani. Askari hustaafu akiwa bado na nguvu za kazi. Kiinua mgongo chake hakitoshi kuwa mtaji mkubwa, lakini kichwani na mikononi mwake mna ujuzi ambao Taifa limeulipia kwa miaka mingi: udereva, ufundi wa magari, mawasiliano, uuguzi, ulinzi, upishi wa watu wengi, uwekaji wa kumbukumbu. Ndiyo maana wengi huota kuanzisha shule ya udereva, karakana ya kufundishia vijana, au kampuni ya kuwafunza walinzi. Ndoto hizo ni njema. Lakini ni wachache wanaojiuliza mapema swali hili: kampuni ya mafunzo ikifanikiwa, na mtu mwenye fedha akaja kutaka kuinunua, mwanzilishi atapokea hundi yake, je, matumaini yake atayapokea nani?

CHUO CHA MATREKTA

Tuanze na mfano ulio karibu. Katika wilaya hiyo hiyo yenye Bulumbi liko gombolola la Busitema, mahali ambapo njia kuu itokayo Jinja kwenda Tororo hupita katika msitu ambao madereva wengi walizoea kuuogopa usiku kwa sababu ya majambazi. Polisi wa zamani wanaufahamu msitu huo vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali ya Uganda, kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, ilijenga hapo chuo cha kufundisha utumiaji wa mitambo katika kilimo.

Shabaha ya chuo hicho ilikuwa wazi. Uganda ilikuwa imepata uhuru mwaka 1962, na Serikali ya wakati ule ilikuwa na mpango wa mashamba ya pamoja na wa kuwakodishia wakulima matrekta. Matrekta yalikuja kwa meli na kwa reli. Waliokosekana ni watu: mwenye kuliendesha trekta bila kulivunja, mwenye kulitengeneza likiharibika katikati ya msimu, na mwenye kumweleza mkulima jinsi ya kuliandaa shamba ili chuma kisikutane na kisiki. Trekta lisilo na fundi ni chuma cha kuoteshea nyasi. Kwa hiyo mwanzilishi, yaani Serikali ya nchi changa, alitumaini jambo moja la msingi: kwamba kijana atoke chuoni akiwa na mafuta ya mashine mikononi, arudi kijijini, na kazi ya kijiji ibadilike.

Ili kulielewa tumaini hilo, hatuna budi kuitazama Bulumbi yenyewe. Nchi ya Wasamia na Wagwe ni nchi ya mihogo, mahindi, mtama na wimbi. Mashamba ni madogo, na kila urithi unapogawanywa yanazidi kuwa madogo. Katika sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda plau ya kuvutwa na maksai ilienea tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na hata leo kuna mkulima ambaye maksai wake wawili ni mtaji, ni akiba, na ni mahari ya mwanawe kwa wakati mmoja. Kwa mkulima wa namna hiyo, elimu ya mashine humfaa inapogusa kazi yake ya kila siku: pampu ya kunyweshea, mashine ya kupukuchulia mahindi, kinu cha kusagia mihogo mikavu, na fundi wa karibu wa kuitengeneza.

Misukosuko iliyoikumba nchi tangu Januari 1971 haikukiacha chuo chochote salama. Vipuri viliadimika, fedha za kigeni zikapotea, wataalamu wakaondoka. Lakini majengo yalibaki, jina likabaki, na walimu waliobaki wakaendelea kufundisha. Huo nao ni ushujaa, ingawa haukupewa nishani.

MAKABIDHIANO YA MWAKA 2007

Mwaka 2007 chuo kilipata mwenyewe mpya. Serikali ilianzisha Chuo Kikuu cha Busitema, na chuo cha mitambo ya kilimo kikawa makao yake makuu. Profesa Mary Okwakol akawa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza. Taasisi nyingine za zamani nazo ziliingizwa katika mwavuli huo huo: Nagongera katika Tororo, ambako walikuwa wakifundishwa walimu, Namasagali kando ya mto Nile, na Arapai katika Soroti, iliyokuwa na chuo cha kilimo cha siku nyingi. Kitivo cha sayansi za afya kikawekwa Mbale.

Hapakuwa na hundi wala soko la hisa katika jambo hili. Hata hivyo, kwa mwanafunzi na kwa mwalimu, jambo lenyewe lilikuwa sawa na kampuni kununuliwa. Jana ulikuwa wa chuo kidogo chenye kazi moja. Leo u wa taasisi kubwa yenye kazi nyingi. Kilichoongezeka kinaonekana kwa macho. Mahali palipokuwa pakitoa mafundi wa matrekta sasa hutolewa shahada za uhandisi wa mitambo ya kilimo na umwagiliaji, uhandisi wa nguo, uhandisi wa migodi na wa maji. Mtoto wa mkulima wa Bulumbi anaweza kuwa mhandisi bila kuvuka mto Nile kwenda Kampala. Hilo si jambo dogo katika sehemu ya nchi iliyokaa miaka mingi bila chuo kikuu cha umma.

Lakini kila faida ina kivuli chake. Chuo kikuu kwa tabia yake hupima ubora kwa shahada, kwa utafiti na kwa idadi ya maprofesa. Chuo cha ufundi hupima ubora kwa swali moja: je, mashine imewaka? Vipimo hivi viwili vinaweza kukaa nyumba moja, lakini havikai kwa amani pasipo mtu wa kuvisimamia. Kikubwa kisipochunga, humeza kidogo. Wala hakimezi kwa ubaya, humeza kwa sababu ndiyo desturi ya vikubwa. Kijana aliyeshindwa kumaliza sekondari, ambaye zamani mlango wa chuo cha mitambo ungeweza kumfungukia, aweza kuukuta mlango wa chuo kikuu uko juu kuliko mkono wake. Na kijana huyo ndiye mwanzilishi wa miaka ya 1960 aliyekuwa akimfikiria.

MFUKO WA SARUJI NA KICHWA CHA MTU

Huenda msomaji atasema: mali kubadili mikono ni jambo la kawaida. Ni kweli. Kiwanda cha saruji cha Tororo kilianza miaka ya 1950 chini ya Shirika la Maendeleo la Uganda, na katika miaka ya 1990 kikauzwa kwa wenye mitaji binafsi. Saruji haikulalamika. Mfuko hupimwa kwa mizani. Ukiwa kamili, mjenzi haulizi mwenye kiwanda ni nani.

Elimu ya kazi haina mizani ya namna hiyo. Mali yake imo ndani ya vichwa vya walimu na katika imani ya wanafunzi. Uganda ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa mwaka 1972, serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia na kuzigawa biashara zao. Miongoni mwa waliopewa walikuwemo askari. Maduka yalikuwa yamejaa bidhaa, mashine zilikuwa zikizunguka, vitabu vya hesabu vilikuwa rafuni. Lakini mengi ya maduka hayo yalibaki matupu baada ya muda mfupi, kwa sababu aliyetwaa alitwaa kuta na bidhaa, asitwae ujuzi wa kuagiza, wa kuweka hesabu na wa kulea mteja. Kiwanda cha sukari cha Kakira, kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani na kufunguliwa mwaka 1930, kilitwaliwa wakati huo, uzalishaji ukaporomoka, na familia yake ikarudishwa mwaka 1985 kukifufua upya. Funzo lake ni zito: kitu kinachofanya kazi kwa ujuzi wa watu hakitwaliwi kwa kushika funguo.

NDUGU WAWILI WA CAPE TOWN

Sasa tutoke Busia twende mbali, kwa sababu katika miaka yetu hii elimu ya kazini imekuwa biashara ya dunia nzima, na wanaoinunua hawakai tena katika nchi moja.

Mwaka 2008, huko Cape Town, Afrika ya Kusini, ndugu wawili, Sam Paddock na Rob Paddock, walianzisha kampuni iitwayo GetSmarter. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu walio kazini kwa njia ya intaneti, kwa masomo mafupi ya wiki chache, bila wao kuacha ajira zao. Walishirikiana na Chuo Kikuu cha Cape Town, na baadaye na vyuo mashuhuri vya ng'ambo kama Massachusetts Institute of Technology ya Marekani. Siri yao haikuwa mtambo wa ajabu. Ilikuwa watu. Kila darasa lilikuwa na wa kuwafuatilia wanafunzi: aliyechelewa kuleta kazi alikumbushwa, aliyekwama alisaidiwa. Kwa hiyo wengi mno walimaliza masomo yao, kinyume na masomo ya bure ya mtandaoni ambayo wengi huyaanza kwa bidii na kuyaacha njiani. Askari yeyote atalielewa jambo hili mara moja. Kuruta hafuzu kwa sababu ya kitabu. Hufuzu kwa sababu sajini yuko nyuma yake alfajiri.

Mwaka 2017 kampuni ya Kimarekani iitwayo 2U iliinunua GetSmarter kwa dola milioni 103. Kwa kampuni ya elimu iliyozaliwa Afrika, hilo lilikuwa tukio kubwa. Mtu aweza kuyaelewa matumaini ya mwanzilishi katika saa kama hiyo hata bila kuambiwa. Kwanza, kwamba kazi iliyofanywa vizuri kwa maelfu sasa itafanywa kwa mamilioni. Pili, kwamba walimu na wafanyakazi waliojenga jina watalindwa na mwenye nguvu zaidi. Tatu, kwamba namna ya kufundisha, ile ya kumshika mwanafunzi mkono hadi mwisho, haitabadilishwa kwa ajili ya kuongeza faida ya haraka.

Tumaini la kwanza halikuwa la bure. 2U ilikuwa na mikataba na vyuo vikuu vingi, na masomo mafupi yalipata majina makubwa zaidi ya kuyauza. Lakini mnunuzi mwenyewe hakutulia. Mwaka 2019 alinunua kampuni nyingine ya mafunzo, Trilogy, kwa dola milioni 750. Mwaka 2021 akanunua edX, iliyokuwa imeanzishwa na Harvard na MIT, kwa dola milioni 800. Fedha nyingi za ununuzi huo zilikuwa za kukopa. Deni likakua hadi kukaribia dola bilioni 1, bei ya hisa zake ikaporomoka, na mwezi Julai 2024 kampuni ikaenda mahakamani Marekani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Septemba mwaka huo ilitoka ikiwa na deni lililopungua sana, lakini ikiwa imeondoka mikononi mwa wenye hisa wa zamani na kuingia mikononi mwa wadai.

Tazama basi mwenendo wa jambo hili. Ndugu wawili wa Cape Town waliikabidhi kazi yao kwa jirani tajiri. Jirani huyo naye alikuwa na wakopeshaji. Mwishowe sauti ya mwisho juu ya mafunzo ya kazini ya mtu wa Afrika ilikuwa ya wakopeshaji ambao huenda hawakupata kuuona Mlima wa Meza hata siku moja. Hapakuwa na mwizi katika safari hiyo yote. Palikuwa na mikataba halali iliyofuatana, na kila mkataba ulimpeleka mwanzilishi hatua moja zaidi mbali na kiti chake.

Ni vema kusema pia kwamba mwanzilishi hafi kwa kuuza. Rob Paddock baadaye alianzisha Valenture Institute, shule ya sekondari ya mtandaoni, na kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cape Town ikaanzishwa shule ya sekondari ya namna hiyo iliyowapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2022. Ujuzi wa kuanzisha haukuuzwa pamoja na kampuni. Ulibaki naye.

JINA LILILOFUTIKA

Mfano mwingine ni wa mwalimu wa Kimarekani, Bibi Lynda Weinman. Alipokuwa akifundisha uchoraji wa kurasa za intaneti alitafuta kitabu cha kufundishia, asikione cha kumfaa, akaandika chake mwenyewe. Mwaka 1995 yeye na mumewe, Bruce Heavin, walianzisha mahali pa mafunzo palipoitwa kwa jina lake, lynda.com. Kwa miaka 20 jina hilo lilikuwa na maana moja kwa wafanyakazi wa ofisi na wa mitambo: masomo mafupi, yaliyo wazi, ya kukuwezesha kesho kufanya kazi usiyoiweza leo.

Mwaka 2015 kampuni ya LinkedIn iliinunua kwa dola bilioni 1.5. Mwaka uliofuata LinkedIn yenyewe ikanunuliwa na Microsoft kwa dola bilioni 26.2. Masomo yakaendelea na wanaojifunza wakaongezeka, lakini mwaka 2017 yakaanza kuitwa kwa jina la mnunuzi, na kufikia mwaka 2021 jina la mwanzilishi lilikuwa limetoweka mlangoni.

Jina kutoweka si msiba. Lakini kulikuwa na jambo lililogusa wananchi wa kawaida. Maktaba nyingi za umma huko Marekani zilikuwa zikiwapa wasomaji wao masomo hayo bure, kwa namba ya kadi ya maktaba tu. Mwaka 2019 mwenyewe mpya alitangaza kwamba msomaji wa maktaba atapaswa kwanza kujiandikisha kwa jina lake katika mtandao wa LinkedIn. Chama cha Maktaba cha Marekani kilipinga hadharani, kikisema kwamba anayekuja kujifunza maktabani asilazimishwe kumkabidhi mfanyabiashara habari zake. Kampuni ililazimika kuufikiria upya mpango huo. Hapa ndipo tunapoona kwamba mara nyingi mabadiliko hayaji katika somo lenyewe. Huja mlangoni, katika sharti dogo la kuingilia, na anayezuiwa mlangoni ni yule mnyonge ambaye mwanzilishi alimfungulia.

KIVUKONI: MWANZILISHI ALIYEJIRITHI

Afrika ya Mashariki inao pia mfano wa mwanzilishi aliyebadilisha mwenyewe kazi ya chuo chake. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru wa Tanganyika, chama cha TANU chini ya Mwalimu Julius Nyerere kilifungua Chuo cha Kivukoni, upande wa pili wa bandari ya Dar es Salaam. Kilifuata mfano wa Chuo cha Ruskin cha Oxford, kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi wasiobahatika kupata elimu ya juu. Makarani, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, watu wa ushirika na watumishi wa chama walikwenda Kivukoni kusoma uchumi, siasa na utawala, kisha wakarudi kazini kwao. Kilikuwa chuo cha watu wazima, na hoja iliheshimiwa darasani.

Mwaka 1971, baada ya Azimio la Arusha, chama kilikigeuza kuwa chuo chake cha itikadi. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 kikawa chuo cha sayansi za jamii, na mwaka 2005 kikapewa jina la Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Ardhi ni ile ile, pwani ni ile ile, lakini kwa muda usiotimia miaka 50 kilipata kazi tatu mbalimbali. Kwa hiyo hata mwanzilishi akibaki madarakani, shabaha ya chuo haijilindi yenyewe. Nyakati nazo hununua vyuo.

Hata hivyo, Kivukoni inatupa faraja moja. Katika mabadiliko yote hayo, mlango haukufungwa kwa mtu mzima anayetaka kujiendeleza. Kitu kilichoandikwa katika mazoea ya watu huishi kuliko kilichoandikwa katika ubao wa mlangoni.

YALIYO YA KAWAIDA KWA ASKARI

Jeshini na katika Polisi jambo la makabidhiano halina ugeni. Kamanda huhamishwa, mwingine huja. Katika mafunzo ya uofisa kadeti hufundishwa mapema kwamba kombania si mali yake. Siku ya makabidhiano silaha huhesabiwa moja moja, magari hukaguliwa, majina ya askari husomwa, madeni na kesi zilizo wazi hutajwa, kisha mkabidhi na mkabidhiwa hutia sahihi. Amri za kudumu hubaki ubaoni. Kamanda mpya aweza kuzibadilisha, lakini hawezi kujifanya hakuziona.

Raia wengi wanaouza kampuni zao za mafunzo hawafanyi hata nusu ya hayo. Huhesabu viti, kompyuta na magari, wakasahau kuhesabu walimu. Huandika bei kwa tarakimu na kwa maneno, lakini shabaha ya chuo huiacha ielee hewani, wakitumaini kwamba mnunuzi aliyetabasamu wakati wa chai ataikumbuka wakati wa hasara. Tumaini lisiloandikwa katika mkataba ni dua. Dua ni njema, lakini mahakama haiisomi.

Askari mstaafu atakayeanzisha shule ya udereva Bugiri, au karakana ya mafunzo Tororo, au kampuni ya kuwafunza walinzi mjini Busia, anayo nidhamu ya makabidhiano tayari. Na aitumie tangu siku ya kwanza, wala asingoje mnunuzi. Aandike kwa maneno machache chuo chake ni cha nani: ni cha kijana wa darasa la saba, ama cha mwenye cheti cha sekondari? Aandike ni mambo gani mwanafunzi hatatoka bila kuyaweza kwa mikono yake. Amwandike kila mwalimu katika mkataba wa kazi, ili mnunuzi anunue pia wajibu kwake. Aweke kumbukumbu za kila aliyefuzu mahali ambapo hazitapotea mwenyewe akibadilika, kwa maana cheti cha chuo kilichouzwa na kumbukumbu zake kuchomwa ni karatasi tu mkononi mwa kijana maskini.

Tena, na atafute cheti chenye kutambuliwa na Taifa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2008 juu ya elimu ya biashara na ufundi iliweka njia ya kuupima ujuzi ambao mtu ameupata kazini hata kama hakupata kukaa darasani, na kumpa uthibitisho wake. Jambo hili ni kinga kubwa kwa mwanafunzi. Ujuzi uliothibitishwa na Taifa ni wa mwanafunzi mwenyewe. Chuo kikiuzwa, kikifungwa au kikibadili jina, ujuzi huo hauendi na mwenye chuo. Mwanzilishi anayewapeleka wanafunzi wake kupimwa na Taifa ameyaweka matumaini yake mahali ambapo mnunuzi hayafikii.

La mwisho ni deni. Kampuni nyingi za mafunzo haziuzwi kwa hiari. Huuzwa kwa sababu mwenyewe alikopa kununua magari mapya ya kufundishia kabla hajapata wanafunzi wa kuyajaza. Aliyebanwa na deni hana sauti katika mkataba. Hupokea masharti ya mnunuzi kama askari aliyeishiwa risasi anavyopokea masharti ya adui. Na habari ya 2U inaonyesha kwamba mwenye kununua naye aweza kuwa amekopa. Kwa hiyo anayeuza ana haki, tena ana wajibu, wa kuuliza fedha anazolipwa zimetoka wapi na zinadaiwa na nani.

JEMBE NA MPINI

Hatusemi kwamba mtu asiuze alichokianzisha. Mwanzilishi huzeeka, huugua, huchoka. Kuna kazi ambazo mtu mmoja huzianza na ni wengi tu wanaoweza kuzikuza. Busitema isingetoa wahandisi kama ingebaki chuo kidogo cha matrekta. Masomo ya Bibi Weinman yasingeufikia ulimwengu wote kwa nguvu zake na mumewe peke yao. Jembe likipata mpini mpya hulima vilevile, mradi aliyelishika anajua lilitengenezwa kulima shamba gani.

Na shamba lenyewe lipo. Katika Bulumbi bado kuna mkulima anayengoja fundi wa pampu, bado kuna msichana aliyeacha shule anayetaka ufundi wa kumlisha, bado kuna kijana wa bodaboda ambaye hajafundishwa udereva na mtu yeyote ila hofu yake mwenyewe. Hao ndio wanaopima kama matumaini ya waanzilishi yamefika. Hawaulizi chuo kilinunuliwa kwa dola ngapi, wala ni waziri gani aliyekata utepe. Huuliza mlango uko wazi au umefungwa. Askari atakayeanzisha chuo na auandike mlango huo katika mkataba wa kwanza, autie sahihi, na awafundishe walimu wake kuulinda kama lindo la usiku.